Siku Saba kwa Ugonjwa wa Miezi Tisa

Maungu ni mji uliozaliwa na barabara. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi na Kampala hupumzika hapa, kilomita kama 30 kabla ya Voi, na mji mzima umejipanga kuyahudumia: vibanda vya chai na chapati, hoteli za wali na nyama, vyumba vya kulala, maduka ya M-Pesa, vijana wa bodaboda. Ukiiacha lami kuelekea ranchi ya Rukinga kuna kiwanda cha nguo cha Wildlife Works, kampuni inayoendesha mradi wa kaboni wa Kasigau. Ukizidi kwenda, chini ya mlima Kasigau wenyewe, utawakuta wanawake wanasuka vikapu vya mkonge. Upande wa Voi na Mwatate ni mashamba makubwa ya mkonge. Wengine hufuga, wengine hulima wakibahatisha mvua. Karibu kazi zote hizi hufanywa kwa mikono na mabega, na katika nyingi kati yake, asiyefika leo halipwi leo.

Saratani ya matiti ikiingia katika maisha ya namna hiyo, swali la kazi haliji baada ya matibabu. Linakuja siku ileile daktari anapotamka jina la ugonjwa. Kazi ndiyo inayolipa nauli ya kwenda kliniki, ndiyo inayolipa bima, ndiyo inayowalisha watoto wakati mama amelala kitandani. Akiipoteza katikati ya matibabu, mara nyingi matibabu nayo hukatika. Ndiyo maana ninasema kazi ya mgonjwa ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba yake, na hospitali, waajiri na wabunge waishughulikie hivyo.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, Kenya hupata zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 wa saratani ya matiti kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufariki. Duniani mwaka 2022 walikuwa wanawake milioni 2.3. Kinachotuhusu zaidi sisi ni umri. Barani Afrika ugonjwa huu huwapata wanawake wengi wakiwa bado na miaka 40 na ushei, tofauti na Ulaya ambako wengi huwa wamekaribia kustaafu au wameshastaafu. Utafiti wa ABC-DO, uliowafuata wagonjwa wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini, ulikuta kwamba kwa kila wanawake 100 waliofariki kabla ya kutimiza miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Hawa ni wanawake walio katikati ya miaka yao ya kazi, wenye karo ya kulipa na wazazi wazee wa kutunza.

Sasa tuitazame ratiba ya matibabu kwa jicho la mtu anayekaa Maungu. Mpango wa kawaida kwa saratani iliyogunduliwa kabla haijasambaa mwilini ni upasuaji, kemo, na kwa wengi miale. Kemo hutolewa kwa raundi, aghalabu kila baada ya siku 21, na mpango mmoja unaotumika sana una raundi 8, yaani karibu miezi 6. Miale hutolewa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma 3 au hata 5. Ukiongeza upasuaji na muda wa kupona, miezi 9 imekwisha. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyehitaji miale katika hospitali ya umma ilimbidi asafiri hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akasubiri foleni ya nchi nzima. Kufunguliwa kwa kituo cha saratani katika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, kumepunguza mzigo huo sana. Hata hivyo kutoka Maungu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100, na hakuna anayeweza kuupita mwendo huo kila siku kwa majuma matatu, achomwe miale, kisha arudi kuchoma chapati jioni.

Tufanye hesabu kwa ukarimu. Kwa kila raundi ya kemo tuchukue siku moja ya kupima damu na kumwona daktari, na siku moja ya kutundikiwa dawa. Raundi 8 ni siku 16. Upasuaji wa kuondoa titi pamoja na tezi za kwapani tuupe siku 20 za kazi, ingawa kwa anayefanya kazi ya mikono hizo ni chache. Miale ya majuma matatu ni siku 15. Jumla ni siku 51, na hapo hatujahesabu hata siku moja ya kutapika, ya homa, ya kushindwa kuinuka. Wala hatujahesabu safari za kutafuta ugonjwa wenyewe kabla ya matibabu kuanza, kutoka zahanati hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi pale Voi, kisha picha, kisha kukatwa kinyama cha kupima, kisha kungoja majibu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Ongeza likizo ya mwaka ya siku 21, ambayo mtu anapaswa kupumzika na wala si kuugua, na utapata siku 35. Zinapungua 16 katika hesabu ile ya ukarimu. Ni kweli kwamba hicho ni kiwango cha chini, na mikataba ya vyama vya wafanyakazi huweza kukipandisha. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, na mtumishi wa serikali wana kanuni zao zinazowapa miezi badala ya siku. Lakini mhudumu wa hoteli ya barabarani, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mlinzi wa lango, hao mara nyingi hutegemea kifungu cha 30.

Kaunti ya Taita Taveta, iliko Maungu, inapakana na Tanzania, na ukivuka mpaka pale Taveta kuingia Holili sheria inabadilika kabisa. Tanzania Bara, kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Mzunguko wao ni mrefu kuliko wetu, hilo lisemwe. Ila saratani haijigawi kwa miaka. Humhitaji mgonjwa siku zake zote kwa mkupuo mmoja, na siku 63 za mshahara kamili zingemtosha kumaliza zile 51. Uganda nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2006, humlipa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza, ingawa inamruhusu mwajiri kumwachisha kazi ugonjwa ukipita mwezi wa pili. Kati ya majirani hawa watatu, Kenya ndiyo yenye uchumi mkubwa zaidi na ndiyo yenye siku chache zaidi. Sioni sababu yoyote ya kitabibu wala ya kiuchumi inayoweza kuhalalisha jambo hilo.

Wakenya tunakumbuka kwamba Bob Collymore, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Safaricom, aliondoka ofisini Oktoba 2017 kwenda kutibiwa saratani ya damu Uingereza, akarejea Julai 2018. Nafasi yake ilimngoja miezi 9. Alifanya kazi mwaka mmoja zaidi kabla ya kufariki Julai 2019. Hakuna aliyeona ajabu kampuni kumsubiri, na ilikuwa haki isubiri. Ninachosema ni kwamba mwili wa mshonaji wa Maungu hauponi haraka kuliko mwili wa mkurugenzi.

Hata zile siku 7 za kifungu cha 30, wengi hawazioni. Takwimu za serikali huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo, ni ya jua kali, yaani isiyo rasmi. Kuna pia vibarua walioajiriwa na watu wenye vitabu na lango, wanaoambiwa kila jioni waje kesho. Hao wana kinga wasiyoijua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Akishahesabiwa hivyo na kutimiza miezi miwili, likizo ya ugonjwa ni haki yake. Tatizo ni ushahidi. Kibarua anayehifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake ana ushahidi. Anayelipwa taslimu bila kuandikwa popote hana.

Jambo la mwili wenyewe lahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, na waajiri na wagonjwa pia.

Nianze na mkono. Daktari anapoondoa tezi za kwapani, maji ya mwili yaliyokuwa yakipitia hapo hukosa njia, na mkono unaweza kuvimba, pengine miezi au miaka baadaye. Kwa wanawake walioondolewa tezi nyingi hutokea kwa karibu mmoja kati ya watano. Mkono huo huwa mzito, huchoka, na kidonda kidogo tu, mwiba wa mkonge, kijiko cha mafuta moto, jembe lililoteleza, huweza kuleta maambukizi makali. Ushauri wa zamani ulikuwa mmoja: usibebe kitu tena. Katika mji kama Maungu, ambako maji ni shida ya kila siku na mtungi wa lita 20 ndio kipimo cha maisha, ushauri huo ni sawa na kumwambia mwanamke ahame. Nao haukuwa sahihi. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti wa wanawake waliokuwa tayari wamevimba mkono, wakafundishwa kunyanyua vyuma kidogokidogo chini ya uangalizi. Uvimbe haukuzidi, nguvu iliongezeka, na milipuko ya uvimbe ilipungua. Maana yake kwa kazi zetu ni kubwa. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji anahitaji mtaalamu wa mazoezi ya viungo ampangie ngazi za kupanda, aanze na kibuyu cha lita chache, aongeze kwa majuma, akiutazama mkono wake. Kumpiga marufuku kunamnyima kazi bila kumkinga.

Vidole ni habari nyingine. Dawa za jamii ya paklitakseli, zinazotumika sana katika nusu ya pili ya kemo, hugusa mishipa ya fahamu. Ncha za vidole hufa ganzi au huchomachoma. Kwa karani ni usumbufu. Kwa fundi wa cherehani anayeongoza kitambaa chini ya sindano, kwa msusi wa kikapu anayehesabu nyuzi kwa kugusa, kwa mpishi anayegeuza chapati na hahisi tena joto la kikaango, hiyo ni ajali inayongoja. Kwa wengi ganzi hupungua miezi kadhaa baada ya dawa kwisha, na kwa baadhi hubaki miaka. Mgonjwa akiitaja mapema, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Hawaitaji, kwa sababu wanadhani ni uchovu tu, na kwa sababu hakuna aliyewauliza wanafanya kazi gani.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kila raundi ya kemo, chembe nyeupe za damu hushuka. Homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura ya hospitali, si ya panadol. Mama wa kibanda anayehudumia wasafiri kutoka nchi nne, wanaokohoa na kupiga chafya mezani pake, yumo hatarini katika juma hilo kuliko juma jingine lolote. Akiweza kupata wa kumshikia zamu siku hizo tu, atafanya kazi salama zile zilizobaki.

Kisha kuna miaka. Wanawake wengi ambao uvimbe wao hulishwa na homoni humeza tamoksifeni kila siku kwa miaka 5 hadi 10, na wengine waliokoma hedhi hupewa dawa zinazoumiza viungo. Tamoksifeni huleta mawimbi ya joto mwilini, na kuyapata mawimbi hayo mbele ya jiko la makaa, katika jua la nyika ya Taru, si jambo dogo. Baadhi huacha vidonge kimyakimya ili waweze kufanya kazi. Muuguzi akijua mapema, huweza kupendekeza saa nyingine ya kumeza, dawa ya kutuliza, au dawa mbadala. Kuacha kimya ndiko kunakorudisha ugonjwa.

Kuna pia lile lisiloonekana kwa vipimo: wateja. Nywele zikidondoka, uvumi huanza, na mwenye kibanda cha chakula huupata mzigo huo mara mbili, kwa kuwa watu huogopa kula kwa mtu wanayemdhania ana ugonjwa wa kuambukiza. Saratani ya matiti haiambukizi, kwa chakula, kwa pumzi wala kwa mkono. Hilo lisemwe barazani, kanisani na msikitini, nalo ni msaada wa kazi kama mkopo ulivyo.

Ulaya imelichunguza suala hili kuliko sisi. Huko Ufaransa, ambako mgonjwa hulipwa akiwa nyumbani na huruhusiwa kurudi kazini nusu siku, uchunguzi wa CANTO ulikuta kwamba miaka miwili baada ya kugunduliwa, karibu mwanamke mmoja kati ya watano alikuwa hajarudi kazini. Uingereza, kwa sheria ya usawa ya mwaka 2010, humhesabu mwenye saratani kuwa na ulemavu tangu siku anapogunduliwa, ili mwajiri alazimike kumrekebishia kazi. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012, ambayo inakataza ubaguzi dhidi ya wagonjwa, lakini kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinapoorodhesha misingi ya ubaguzi kazini hutaja ulemavu, ujauzito na hali ya HIV. Saratani haimo kwa jina.

Bima nayo ina mwanya wake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya awali, NHIF, Oktoba 2024, ilianza na kikomo cha shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka kwa matibabu ya saratani: 400,000 za bima na 150,000 za hazina ya magonjwa sugu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilikubaliana na kampuni ya Roche kuishusha bei ya Herceptin, dawa ya wagonjwa wenye aina ya HER2, kutoka takriban shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kipindi, nayo SHA ikailipia. Hatua hiyo itaokoa maisha. Lakini Herceptin ni vipindi 18 katika mwaka mzima, na hakuna anayelipia nauli 18 wala siku 18 za kibarua. Mwajiriwa akipoteza kazi, makato yake ya asilimia 2.75 husimama, naye hutakiwa kujilipia kama mtu wa jua kali, mchango wa mwaka, wakati ambao hana pato. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haulipi fao la ugonjwa. Kinachobaki ni chama na harambee, na wanawake wa Maungu wamebebana hivyo miaka mingi, ila harambee ya pili haijai kama ya kwanza.

Mengi yanaweza kufanyika bila kungoja Bunge. Kipimo cha damu cha kabla ya kemo hakihitaji Mombasa. Maabara ya Voi inaweza kukifanya jana yake na majibu yakatumwa kwa simu. Hilo pekee humrudishia mgonjwa safari 8 na siku nyingi za pato. Ratiba ya miale nayo inaweza kufupishwa: utafiti wa FAST-Forward wa Uingereza, uliochapishwa katika Lancet mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi vipindi 5 katika juma moja hudhibiti ugonjwa sawa na vipindi 15. Si kila mgonjwa anafaa, lakini kila mgonjwa ana haki ya kuuliza. Serikali ya kaunti inaweza kukodi vyumba vichache Mombasa kwa wagonjwa wake wa miale. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumtibu mtu aliyekatiza tiba akarudi na ugonjwa ulioenea. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani ya matiti wamalize matibabu yao. Lengo hilo halitafikiwa na kliniki ambayo haimwulizi mgonjwa anafanya kazi gani na siku zipi hawezi kukosa.

Kwa waajiri wadogo najua hesabu ni ngumu. Mwenye hoteli ya wahudumu watano hawezi kulipa wawili wasiofanya kazi. Lakini anaweza kumhamisha mhudumu kutoka jikoni hadi kaunta, kumbadilishia zamu katika lile juma la hatari, kumwekea nafasi bila malipo miezi mitatu na kumchukua wa muda. Mwenye uzoefu akirudi, humwokolea gharama ya kufundisha mgeni.

Kwa wabunge wanne wa kaunti hii, wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na kwa mwakilishi wa wanawake, ombi langu ni kifungu cha 30 kirekebishwe, magonjwa ya muda mrefu yapewe kiwango chake kisichopungua kile cha Tanzania, na mwajiri mdogo asaidiwe kukilipa kupitia mfuko wa pamoja.

Na kwako uliyegunduliwa ugonjwa huu ukiwa kazini: mjulishe mwajiri mapema, peleka cheti cha daktari kila unapokosa, na ubaki na nakala. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kukuachisha kwa sababu ya hali ya mwili, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama uliyemchagua wewe, na akusikilize. Asipofanya hivyo, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu kuachishwa, na kesi katika Mahakama ya Ajira na Leba ndani ya miaka 3.